Naomba ushauri: kwinini ni mti au ni kidonge?

Msambaa wa Mjini: Habari za jioni wakuu. Mama mkwe katoka Lushoto na magome kayafunga kwenye khanga, anasema ndiyo kwinini halisi, hiyo ya dukani ni jina tu. Mimi nijuavyo kwinini ni kidonge. Neno lenyewe maana yake nini, na gome ni sawa na kidonge? Nyumbani kuna mtu ana homa. Msaada tafadhali.

Chura wa Mtera: Ngoja wajuzi waje. Nimekaa paleee.

Bi Tausi: Mimi nilitundikiwa dripu la kwinini mwaka 1988. Masikio yalivuma kama nimelala ndani ya mashine ya kusaga. Mume wangu ananiita, mimi nadhani anaimba.

Mwalimu Mstaafu: Mama mkwe wako hajakosea, kijana. "Kina" ni gome kwa Kikechua, lugha ya watu wa milima ya Andes. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walipoitoa dawa ndani ya gome mwaka 1820 wakaiita kwa jina hilohilo. Kidonge ndicho kilichorithi. Miti yenyewe Wajerumani waliipanda Amani, hapo Usambara, na kwenye vita vya kwanza vya dunia askari wa Lettow-Vorbeck, jemadari wao, walinyweshwa maji ya gome, machungu mpaka wakayatania kuwa ni pombe ya Lettow. Nina mengi ya kusema kuhusu Amani mkitaka.

Fundi Koki: Utotoni nesi akisema "kwinini" mimi najibu "kwa sababu naumwa".

Nesi wa Zamu: Maana ya jina siyo shida. Shida ni kwamba huku kwetu kila kichungu ni kwinini. Nimeletewa mwarobaini ukiitwa kwinini. Wazee wengine hata klorokwini wanaiita hivyo, ile ya kuwasha mwili iliyoachwa 2001. Mgonjwa ni nani, na kapimwa?

Msambaa wa Mjini: Ni mke wangu. Hajapimwa, ila malaria tunaijua. Masikio yake yanalia tangu asubuhi, ndiyo nikasema niulize maana ya hili jina.

Nesi wa Zamu: Kumbe keshakunywa! Vikombe vingapi? Ana ujauzito?

Msambaa wa Mjini: Vitatu. Ujauzito upo, miezi miwili. Lakini ni vile vikombe vidogo vya kahawa, na mama mkwe kazaa saba huku anakunywa hiyohiyo. Halafu nikilikataa gome lake, ndani ya nyumba ile nitaongea na nani?

Baba wa Imani: Mwanaume ni maamuzi. Kizazi hiki mnaongozwa na wakwe.

Mpelelezi Huru: Wakuu, hii ni chai. Mwezi uliopita huyuhuyu alifungua uzi anatafuta mchumba. Leo ana mke, mimba na mama mkwe juu. Kesho mtasikia "unga wa kwinini unapatikana, nitafute pembeni".

Fundi Koki: Chai ya magome, vikombe vitatu 😂

Msambaa wa Mjini: Ule uzi ni wa mdogo wangu, tunatumia akaunti moja. Siuzi kitu.

Mpelelezi Huru: Wadogo zetu wana kazi kweli.

Nesi wa Zamu: Iwe chai isiwe chai, mimi najibu kama kweli. Masikio kulia ni tabia ya kwinini yenyewe, kwa hiyo huenda gome ni lenyewe, na kwenye kikombe hakuna ajuaye dawa imeingia kiasi gani. Kwinini hushusha sukari, na mjamzito ndiye humshika zaidi. Asinywe tena. Mpe kitu cha sukari, nendeni hospitali usiku huu, gome mlibebe. Akikutwa na malaria kuna dawa ya mseto. Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linaukubali hata kwa mimba changa.

Bi Tausi: Habari ya masikio nilianza mimi, hakuna aliyenijali.

Msambaa wa Mjini: Tuko kwenye bajaji. Kanywa soda. Mama mkwe naye kapanda na khanga yake, anataka daktari amwambie yeye mwenyewe kwamba siyo dawa.

Mwalimu Mstaafu: Ni dawa. Ndiyo maana mnakwenda.

Mpelelezi Huru: Picha ya bajaji tafadhali.