Kwa nini wezi wanarudi kwa mtu yuleyule?

BintiMabatini
Habari za jioni wanajamvi. Mama yangu mdogo anaishi Mabatini, hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe ambako bodaboda haifiki. Mwaka jana wezi waliingia wakabeba TV na mtungi wa gesi. Ndugu tukachanga, tukamnunulia vingine. Hata hatujamaliza kulipana madeni wakarudi, wakachukua vile vipya na cherehani juu. Juzi wamejaribu tena, mbwa wa jirani akabweka wakakimbia. Majirani wa kulia na kushoto hawajawahi kuguswa, na mmoja ana vitu kumzidi.

Sasa maneno yameanza. Shangazi anasema nyumba imechezewa, atafutwe mtaalamu. Wengine wanasema mama mdogo ana mdomo, kuna mtu kamuudhi. Mwenyewe halali, anaamini ana mkosi. Mwenye uelewa anieleze, hivi inakuwaje?

NgoshaIgoma
Auze ahamie Buhongwa, yaishe.

FundiGrili
Ngosha, nyumba haiuzwi kama kuku wa mnadani.

Dada, mimi nachomelea mageti na grili Nyakato. Kazi zangu nyingi zinaletwa na wezi, nisiwe mnafiki. Na wateja wengi wananifikia wakiwa wameshaibiwa mara ya pili. Ile ya kwanza walirudishia mlango kwa misumari, wakanunua kufuli kubwa jipya, wakalifunga kwenye pete ileile iliyokwisha kulegea. Kufuli la elfu ishirini kwenye pete ya mia tano!

Mwizi akiingia mara ya kwanza anabahatisha. Hajui nani analala chumba gani wala mlango umekomewa vipi. Akitoka anajua vyote, pamoja na alichokiacha kwa kuwa mikono ilijaa. Cherehani hawakuigundua siku ya pili, waliiona siku ya kwanza wakaiacha. Tena anajua kwamba aliyeibiwa TV atanunua TV. Boksi la ile mpya mliliweka wapi? Watu wanalitupa jalalani na picha yake, mtaa mzima unasoma inchi ngapi.

Ingekuwa mimi, kabla ya mtaalamu ningezunguka nyuma. Nyumba nyingi za mlimani zimeegemea mwamba. Mbele dirisha liko juu, nyuma mtu anasimama kwenye jiwe dirisha linamfika kiunoni. Huyo jirani mwenye vitu huenda dirisha lake linatazama njia ya watu, basi.

Malimbe_Sosho
Fundi hajakosea, na wataalamu wa uhalifu wamelichunguza hili muda mrefu. Mfano unaotajwa sana ni mtaa wa Kirkholt, mji wa Rochdale huko Uingereza, katikati ya miaka ya 1980. Wizi wa majumbani ulikuwa mkubwa, na nyumba iliyokwisha kuvunjwa ilikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena kuliko ambayo haijaguswa. Nyumba nyingi zilikuwa na mita za malipo ya kabla kama LUKU yetu ya umeme, ila unatumbukiza sarafu. Yaani nyumba hizo zilikuwa na kibubu ukutani, na wezi walikijua.

Watafiti, akiwemo Ken Pease, hawakuhangaika na mtaa mzima. Walianza na walioibiwa tayari: mita za sarafu zikaondolewa, vitasa vikaimarishwa, na majirani wachache wanaoizunguka nyumba wakaombwa kuitupia jicho. Ndani ya miaka mitatu wizi wa majumbani ulishuka kwa takribani robo tatu.

La kushika hapo ni muda. Hatari ya kurudiwa huwa kubwa zaidi siku na wiki za mwanzo, halafu hupungua. Kwa hiyo dirisha hutengenezwa leo, si mwisho wa mwezi. Na lile jaribio la juzi liandikishwe polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa. Watu huripoti wizi wa kwanza, unaofuata wanachoka.

Injini40
Ziwani hivyohivyo. Mimi ni mvuvi wa sangara, Igombe. Walitukuta usiku wakatoa injini, mtumbwi na nyavu wakatuachia. Tajiri akakopa kwa mnunuzi wa samaki, akaleta injini mpya, mwalo mzima ukaja kuishika-shika. Ilikaa kidogo wakaifuata. Mitumbwi mingine tulikuwa nayo eneo moja, haikuguswa. Waliojua ipi ina injini mpya walikuwa nchi kavu wanakunywa chai na sisi. Mganga alikula hela ya tajiri bure. Kilichosaidia ni kuacha kutega palepale na kutoka kwa kundi.

BintiMabatini
Asanteni sana. Fundi, umenishtua: ni dirisha la nyuma, la jikoni, mara zote. Na jiwe lipo, watoto huanikia dagaa hapo juu. Boksi tulilitupa kweli. Jirani mwenye mbwa nitamfuata kesho asubuhi. Grili ya dirisha hilo itakuwa bei gani?

FundiGrili
Siwezi kukutajia bei bila vipimo. Pima upana na urefu, na uangalie fremu ni ya mbao au hakuna. Kama ni mbao, usikubali fundi yeyote akufungie grili kwa skrubu kwenye hiyo mbao, inang'olewa na bomba tu. Miguu ya nondo iingie ndani ya tofali, izibwe kwa saruji. Nitumie picha inbox.