Wakala wa AI anachagua zana isiyo sahihi kwenye mfumo wangu. Nyaraka niziandikeje?

MshonaMsimbo
Wakuu habari za muda huu. Naombeni ushauri, nimekwama wiki ya pili sasa.

Nina mfumo wa kusimamia oda. API yake (mlango ambao programu nyingine hupitia kuzungumza na mfumo) ni ya miaka mingi, nyaraka zake watu wanazisoma na sijawahi kusikia malalamiko. Juzi nikaitengenezea seva ya MCP (kiunganishi sanifu kati ya AI na mifumo mingine) ili wakala wa AI, yaani programu ya AI inayotekeleza kazi yenyewe, aitumie. Kila kazi anayoweza kuiita ni zana, 31 kwa jumla. Maelezo ya kila zana nikayanakili kutoka kwenye nyaraka zile zile. Basi nikamwambia wakala, "Mteja kaghairi, futa oda yake ya jana." Akaenda moja kwa moja kwenye `futa_oda`. Hiyo zana haisitishi oda, inaondoa rekodi nzima kwenye hifadhidata, halafu malipo yanabaki yakielea bila oda. Iliyotakiwa ni `sitisha_oda`. Nashukuru ilikuwa hifadhidata ya majaribio.

La pili: zana ya kutuma ukumbusho ina kigezo kinaitwa `saa`. Maelezo yake, "Saa ya kutuma." Nikasema saa mbili asubuhi, ujumbe ukatoka saa nane usiku.

Nibadili modeli au tatizo ni maandishi yangu?

KarakanaYaData
Modeli iache kwanza. Bandika hapa maelezo ya `futa_oda` kama yalivyo.

MshonaMsimbo
"Hufuta oda." Ndiyo hayo tu 😅

KarakanaYaData
Mkuu, hapo hata mimi ningefuta. Mfanyakazi mgeni akisoma hivyo atamuuliza mwenzake wa meza ya pili. Wakala hana wa kumuuliza isipokuwa wewe, anaona jina la zana, maelezo na skima ya vigezo (orodha ya taarifa zinazotakiwa na umbo lake), basi. Kwa hiyo mwambie inafanya nini hasa, itumike lini, na ikiwa siyo yenyewe, aende kwenye ipi. Ya kwako ningeandika hivi:

"Huondoa kabisa rekodi ya oda kwenye hifadhidata. Hairejesheki na hairudishi malipo. Ni kwa oda za majaribio pekee. Mteja akighairi, tumia sitisha_oda."

Na jina libadilishe liwe `ondoa_rekodi_ya_oda`. "Futa" kwetu ni kughairi na ni kuondoa kabisa. Ulitumia neno lenye maana mbili kwenye ombi na kwenye jina la zana, ulitegemea nini?

Kwenye saa, kigezo kiite `muda_wa_kutuma`, umbizo liwe ISO 8601 (kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa) pamoja na ukanda wa saa, uweke na mfano: 2025-03-14T08:00:00+03:00. Ongeza sentensi moja kwamba mtumiaji akitaja saa mbili asubuhi kwa Kiswahili maana yake ni 08:00. Vigezo vyenye majibu machache yanayojulikana, kama hali ya oda, viorodheshe kwenye skima kwa `enum` (orodha ya majibu yanayokubalika tu), asije akabahatisha kati ya "imelipwa" na "IMELIPIWA".

mama_wa_logi
Ila usipitilize. Mimi niliwahi kuandikia zana moja maelezo marefu kama mkataba na haikusaidia kitu. Mara nyingi maelezo ya zana zote yanapakiwa kwenye muktadha (maandishi ambayo modeli inayasoma) hata kabla mtumiaji hajasema neno, kwa hiyo unalipia tokeni, yaani vipande vya maneno, za kila sentensi.

Halafu 31 ni nyingi. Angalia zipi zinaitwa kwa kufuatana kila siku. Kwangu ilikuwa tafuta mteja, orodhesha oda zake, soma hali ya oda. Nikaziunganisha zikawa moja, na zile safari za kupotea njiani zikaisha.

SevaImelala
Mmesahau ujumbe wa hitilafu. Hizo nazo ni nyaraka, tena zinasomwa pale pale mtu alipojikwaa. API yangu ilikuwa inarudisha hitilafu 400 (yaani "ombi lina kasoro") na kunyamaza, wakala akawa anarudia ombi lile lile kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Sasa inajibu: "Namba ya oda huanza na OD ikifuatiwa na tarakimu 6. Kama huna namba, tumia tafuta_oda kwa jina la mteja." Jaribio la pili anapatia.

Mlinzi_wa_Lango
Yote mazuri, lakini nyaraka siyo kufuli. Ukiandika "ni kwa oda za majaribio pekee" umeomba tu, hujazuia. MCP ina alama kama `readOnlyHint` (zana inasoma tu) na `destructiveHint` (zana inaweza kuharibu au kufuta). Ziweke, ila zinabaki kuwa vidokezo, na programu inayomwendesha wakala inaweza kuzipuuza. Hiyo zana ya kuondoa rekodi usimpe kabisa. Ufunguo anaotumia usiwe na ruhusa hiyo kule kwenye seva.

KarakanaYaData
Kweli, hilo ningelitanguliza mimi.

MshonaMsimbo
Nimewapata. Sasa nitajuaje kama maelezo mapya ni bora na siyo kwamba nimebahatika?

mama_wa_logi
Andika maombi kama 20 kwa lugha ya watumiaji wako wenyewe, siyo lugha yako ya kifundi. Kila ombi liandikie zana unayotarajia. Yaendeshe yote kila ukigusa maelezo, tena zaidi ya mara moja, maana modeli hiyo hiyo inaweza kujibu tofauti leo na kesho. Anapokosea soma logi (kumbukumbu za alichofanya), utaona ni neno gani lilimpoteza.

MshonaMsimbo
Mrejesho wakuu. Zana ya kuondoa rekodi nimeitoa kabisa, nyingine nimeziunganisha, nimebaki na zana 19. Saa zimenyooka. Kwenye yale maombi 20, mawili ndiyo bado yananisumbua, na yote yana neno "rudisha". Mteja anarudisha bidhaa, au sisi tunamrudishia hela? Wakala anachagua hela kila mara.

mama_wa_logi
😂 Hapo hata mhudumu wa kaunta angeuliza. Kwenye maelezo ya zana zote mbili weka: "Ikiwa haijulikani ni bidhaa au hela, muulize mtumiaji kwanza." Na ile ya hela iwe inadai uthibitisho kabla haijatuma chochote.