Naomba ushauri: nataka kusomea utafiti wa majitaka, nianzie wapi nikiwa Pemba?

Binti wa Micheweni:
Assalaamu alaykum. Nilimaliza shahada ya kwanza ya kemia mwaka juzi na sasa nasomesha skuli ya sekondari hapa Pemba. Nataka kuendelea na masomo katika fani ya kusafisha majitaka na kuvuna kilichomo ndani yake, hasa mbolea.

Fikra hii haikunijia darasani. Kwetu ardhi ni mawe ya matumbawe. Shimo la choo huchimbwa kwa taabu, na kinachoingia humo hakikai, bali hupita katika nyufa kuelekea visimani na baharini. Wakati huohuo baba yangu kila msimu hulalamikia bei ya mbolea ya mpunga. Nimesoma kwamba mkojo, ingawa ni sehemu ndogo mno ya majitaka ya nyumbani, ndio unaobeba takriban asilimia 80 ya naitrojeni na karibu nusu ya fosforasi yote iliyomo, na kwamba ukitiwa magnesiamu hutoa fuwele za struvaiti zinazofaa kuwa mbolea. Sisi tunayo mashamba ya chumvi, na yale maji machungu yanayobaki baada ya chumvi kuganda yamejaa magnesiamu ambayo leo inamwagwa tu.

Nimeona tangazo la nafasi ya uzamivu Uholanzi juu ya jambo hilihili. Nimemwandikia profesa mhusika mara tatu na sikujibiwa. Je, niendelee kuomba nje, nitafute uzamili Bara, au kuna njia nisiyoiona?

Msafiri wa Delft:
Wa alaykumu salaam, dada yangu. Usivunjwe moyo na kimya hicho, kwa sababu nadhani sababu yake ni nyepesi. Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida huajiriwa na chuo, hulipwa mshahara kwa muda wa miaka 4 hivi, na sharti la mwanzo ni kuwa na shahada ya uzamili. Wewe unayo ya kwanza tu, kwa hiyo huenda barua yako iliwekwa kando kabla ya kusomwa fikra yako nzuri. Marekani mambo ni tofauti: vyuo vingi humpokea mtu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na akipata nafasi ya msaidizi wa utafiti hulipiwa ada na kupewa posho, maombi yake mengi hufungwa Disemba na Januari.

Ila mimi ningekushauri uanze na uzamili. Taasisi ya Nelson Mandela iliyopo Arusha inafundisha sayansi ya maji na mazingira, Chuo Kikuu cha Ardhi kina uhandisi wa mazingira, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina historia ndefu ya utafiti wa kusafisha majitaka kwa mabwawa na kwa vitanda vya matete. Huku nje ipo IHE Delft, taasisi ya elimu ya maji hapa Uholanzi, ambayo wanafunzi wake wengi hutoka katika nchi kama zetu.

Na ukimwandikia profesa mwengine, usimweleze kwamba unapenda mazingira. Kila mtu humwandikia hivyo. Soma makala zake mbili, muulize suali moja linalotokana nazo, kisha mweleze habari ya maji machungu ya chumvi kama ulivyotueleza sisi. Ukurasa mmoja unatosha.

Fundi Maabara, Unguja:
Fikra ya dada ni nzuri, lakini ina pengo ambalo msailiwa huulizwa mapema. Struvaiti huchukua magnesiamu, amonia (iliyobeba naitrojeni) na fosfeti (iliyobeba fosforasi) kwa uwiano wa moja kwa moja kwa moja, na ndani ya mkojo amonia ni nyingi kuliko fosfeti kwa mbali. Maana yake ni kwamba utaivuna karibu fosforasi yote, na naitrojeni nyingi itabaki palepale. Kwa baba yako ni mbolea pungufu. Kwa visima vya Micheweni tatizo halijaguswa, kwani kinachopenya katika mawe na kuchafua maji ya kunywa ni naitreti, umbo ambalo naitrojeni hiyo hugeuka ardhini, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha miligramu 50 kwa lita kwa kuwalinda hasa watoto wachanga.

Tazama kazi iliyofanywa Durban, Afrika Kusini, na watafiti wa Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, pamoja na eThekwini, manispaa ya jiji hilo. Wao waliwaachia bakteria wageuze takriban nusu ya amonia kuwa naitreti ili isiruke hewani, kisha wakaondoa maji kwa kuyachemsha, ikabaki mbolea ya maji yenye virutubisho vyote. Uswisi iliiruhusu kwa mazao ya chakula mwaka 2018. Njia hiyo inakula umeme, na hapo ndipo penye suali lako la utafiti: kwa jua letu na chumvi yetu, kipi kinawezekana?

Jambo jengine ni mikono. Tafuta miezi mitatu ya kujitolea katika maabara yoyote ya maji. Jifunze kuhifadhi sampuli kwenye barafu na kupima amonia siku hiyohiyo, maana kwa joto letu sampuli ya asubuhi si ile ya jioni. Barua ya msimamizi wa maabara ina uzito kuliko alama zako zote.

Mwana Chuoni:
Naongeza moja. Watu watakuuliza kuhusu najisi, nao wana haki ya kuuliza. Kuitumia shambani ni suala moja na kuiuza ni suala jengine. Waendee masheikh mapema, kabla ya kuandika pendekezo lako, na majibu yao yawe sehemu ya utafiti.

Mzee wa Gari la Karo:
Mwanangu, mimi si msomi, lakini nimenyonya makaro kwa miaka mingi. Hawa wanaokushauri wanazungumza kana kwamba mkojo unakuja peke yake. Ndani ya karo umechanganyika na mchanga, mafuta ya kupikia, maji ya kufulia na matambara. Karo nyingi hazikusakafiwa chini, kwa hiyo kiangazi unakuta tope zito na wakati wa masika unakuta maji matupu. Kama unataka mkojo safi, itabidi choo chenyewe kijengwe upya, na hilo uliulize kwa kina mama wenye nyumba, maana wao ndio watakaokisafisha.

Binti wa Micheweni:
Nakushukuruni nyote. Nimeyasoma haya mara mbili na nimeona kwamba nilikuwa naandika barua juu ya fuwele, wakati suali langu hasa ni naitrojeni na kisima. Nitaomba uzamili wa Arusha na wa Delft kwa pamoja, na likizo ya skuli nitaitumia maabara ikiwa Fundi atanielekeza pa kuomba. Mzee wangu, je, unaweza kuniruhusu nifuatane na gari lako nichukue sampuli? Nitakuja na kaka yangu.

Mzee wa Gari la Karo:
Karibuni. Tunatoka baada ya sala ya alfajiri. Vaeni viatu vya mpira na glavu, na chupa zako ziwe na vifuniko vinavyokaza.