Tupeane uzoefu: baiskeli ya safari ndefu yenye mzigo mwepesi, ukitokea Dar

Mwanzisha mada, Tabata
Habari za jioni wakuu. Nataka kutoka Dar hadi Lushoto kwa baiskeli, nipite Chalinze, Segera na Mombo. Mzigo ni hema la mtu mmoja, nguo za kubadili, vifaa vya pancha na maji. Nimezunguka kwa wauza baiskeli za mtumba Kariakoo, roho imebaki kwenye mbili: ya Kijapani inchi 27, nyepesi, na mountain ya zamani ya chuma, inchi 26. Mliokwisha safiri, mlichagua kwa kuangalia nini? Naomba yaliyowakuta wenyewe.

Mdau wa Ubungo
Mkuu, anza na tairi. Inama usome namba za ubavuni. Ile 27 ya Kijapani huwa 630, ndicho kipenyo cha ringi kwa milimita pale tairi linapokaa. Racing, ile ya mbio yenye tairi jembamba la saizi ya 700C, ni 622, Phoenix ya inchi 28 ni 635, mountain ya 26 ni 559. Kati ya 630 na 635 ni milimita tano tu, lakini matairi hayaingiliani.
Mimi tairi la 27 lilinichanikia mbele ya Mlandizi. Fundi alikuwa na ya 26 na ya Phoenix yamening'inia mlangoni, langu hana. Akaniwekea kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, nikajivuta hadi Chalinze, baiskeli ikarudi mjini juu ya basi. Sasa natumia 26 ya chuma isiyo na shokapu. Fremu ikipasuka, mchomeleaji yeyote wa magrili anaiunga. Ya alumini wengi hawaigusi.

Mdau wa Mbezi
Mimi natetea racing. Bagamoyo naenda na kurudi siku moja, bado nina nguvu jioni. Tairi la akiba nalikunja nalifunga chini ya siti, tyubu mbili mfukoni.

Mdau wa Ubungo
Tairi la akiba sawa kaka, na spoku? Ringi ya spoku 20 ikikatika moja tu, gurudumu linayumba mpaka linagusa breki. Yenye 36 unafika kwa fundi. Halafu barabara ya Morogoro lori likikupigia honi unashuka kwenye changarawe, utake usitake. Hapo tairi jembamba linakuangusha.

Dada wa Kigamboni
Shikamooni. Mimi ni mfupi, nasisitiza kimo. Simama juu ya bomba la fremu, nyayo zote zikanyage chini. Omba uijaribu ikiwa na begi kwenye keria, maana fremu fupi kisigino kinagonga begi kila ukikanyaga. Na sisi wa pwani, chomoa bomba la siti upake grisi; chumvi hii inaligandisha.

Mdau wa Mwenge
Lushoto ndiko kwetu. Kutoka Mombo ni mlima kilomita zaidi ya 30, kwa hiyo kabla ya kulipa hesabu meno ya gia. Mountain yangu ina 22 mbele na 32 nyuma: pedali ikimaliza mzunguko, gurudumu halijafika hata robo tatu, napanda nimekaa. Phoenix ya gia moja niliisukuma kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Breki za waya zinatosha, ila funga raba mpya nne ungali Dar, maana wakati wa kushuka zinalika haraka sana.