Naomba ushauri: mama ana presha na anaacha dawa kila akisikia ako sawa

Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo. Mama yangu ako Kondele hapa Kisumu, ana miaka 61, kliniki walimpima wakapata 172/104, wakarudia siku nyingine bado iko juu, ndio wakampa amlodipini tembe moja kila siku. Sasa akisikia mwili uko poa anaacha, anasema kichwa hakimuumi kwa hivyo presha imeisha. Nimemweleza presha kwa wengi haina dalili yoyote, inaharibu mishipa polepole mpaka siku moja ni kiharusi, ama figo, ama moyo, lakini ananiambia hizo dawa ukianza huachi na jirani ashamletea mizizi ya kuchemsha. Hiyo mizizi ndio inaniogopesha sana.

Halafu chumvi. Omena anaonja anaongeza, anaonja anaongeza, na mezani tena kuna mkebe, na mtu mzima hafai kupitisha gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo hata ya mkate imehesabiwa.

Wenye mmepitia hii na mzazi, mliongea naye aje mpaka akakubali? Akimeza dawa miguu inavimba jioni, najua amlodipini hufanya hivyo, kuna mwenye daktari alimbadilishia ikamkubali? Na mashine ya nyumbani, naona ya kufunga mkono wa juu ndio inaaminika kuliko ya kifundo cha mkono, mnatumia gani? Nataka niwe naandika namba asubuhi na jioni nipeleke kliniki.