Hadubini ya kuangalia seli: jicho moja, macho mawili au ya kuchomeka kwenye kompyuta?

Chungulia
Habari zenu wakuu. Nataka kununua hadubini wiki hii na nimebaki na tatu za kuchagua. Ya kwanza ni ya jicho moja, chini ina kioo cha kuakisi mwanga, lenzi zake ni 4, 10 na 40. Ya pili ni ya macho mawili, ina taa ya LED na imeongezewa lenzi ya 100 ya mafuta (unaweka tone la mafuta kati yake na slaidi). Ya tatu ni ndogo, unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya, na boksi linasema inakuza mara 1600. Hiyo ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayokuza zaidi, sasa kwa nini watu wananunua zile nyingine? Nishaurini kabla sijalipa.

Binti Maabara
Unataka kuona nini? Seli za mimea, damu, bakteria, viumbe wa maji ya bwawa? Na ya nani, yako mwenyewe au ya wanafunzi? Usiposema, kila mtu hapa atakutajia ile anayoipenda yeye.

Kiini Macho
Ya tatu ifute. Taa zake zinamulika kutoka juu, kwa hiyo unaona sura ya nje tu. Kwa bawa la mdudu au saketi ya simu, safi sana. Ndani ya seli unahitaji mwanga upite katikati ya kitu chenyewe kutoka chini. Hiyo 1600 wameipata kwa kuitandaza picha kwenye skrini. Ukiwa na skrini kubwa zaidi waambie waandike 3000.

Fundi Lenzi
Achana na namba za boksi, soma ubavuni mwa lenzi. Utakuta kitu kama 40/0.65, na chini yake 160/0.17. Ile 40 ndiyo kila mtu anaikimbilia, lakini bwana mkubwa ni 0.65. Ndiyo inayosema lenzi inakusanya mwanga wa upana gani, na hapo ndipo unapojua vitu viwili vilivyokaribiana utaviona viwili au doa moja. Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alilieleza hili mwaka 1873: chukua urefu wa wimbi la mwanga, gawanya kwa mara mbili ya namba hiyo. Kwa mwanga wa kijani wa mikromita 0.55, lenzi ya 0.65 inakupa kama mikromita 0.42. Ile ya mafuta yenye 1.25 inakupa 0.22. Baada ya hapo kuza utakavyo, unakuza ukungu.
(160 ni urefu wa bomba kwa milimita, 0.17 ni unene wa kioo cha kufunikia slaidi. Msiwafunike paramesiamu, wale viumbe wa seli moja wa maji ya bwawa, kwa vipande vya plastiki halafu mje kulalamika hapa.)

Mbishi Daima
Mnamtisha mtu bure. Chukua ya jicho moja. Kiini, ukuta wa seli, vakuoli, kloroplasti, vyote vinaonekana kwa 40. Mitokondria, vile viungo vya seli vinavyozalisha nishati, na ndugu zake ni kazi ya hadubini ya elektroni, ile inayotumia elektroni badala ya mwanga, kwa hiyo hiyo lenzi ya 100 ni pambo.

Binti Maabara
@Mbishi Daima hapana. Mitokondria ina upana wa nusu mikromita hadi moja hivi. Iko juu ya ule mpaka aliousema Fundi. Watu waliiona karne ya 19, na jina la mitokondria lilitolewa 1898, wakati hadubini ya elektroni ilianza kwa Wajerumani Ruska na Knoll mwaka 1931. Shida yake ni kwamba haina rangi. Tia rangi iitwayo kijani cha Janus, seli ikiwa bado hai, uone vijiti na vidoa vinavyojitokeza. Kinachohitaji elektroni ni mikunjo ya ndani yake.

Mbishi Daima
Na vifuko vya Golgi, vile vinavyofungasha protini za seli, navyo utaviona kwa taa ya LED?

Binti Maabara
Camillo Golgi mwenyewe aliviona mwaka huohuo wa 1898, kwa hadubini ya mwanga na chumvi za fedha kwenye seli za neva. Ni kweli wako waliobisha kwa miongo kadhaa kwamba ni uchafu wa rangi tu, na ubishi ulikwisha picha za elektroni zilipokuja. Ungekuwepo ungekuwa upande wao.

Mzee wa Slaidi
Mimi nimtahadharishe mleta mada kuhusu hizo za macho mawili. Niliwahi kununua moja, muuzaji simtaji, tangazo linasema mara 2000. Nafungua mzigo nakuta lenzi ya 100 ya kawaida, ila wameweka za machoni za 20 badala ya 10. Kwa namba ya 1.25 ukivuka mara 1250 hupati kipya, kwa hiyo ile 2000 ilikuwa vivuli vinene tu. Sawa, nikabadilisha za machoni. Kumbe mabomba mawili hayajanyooshwa pamoja: jicho la kulia linaona seli hapa, la kushoto linaiona pembeni. Ukikaa nayo kidogo kichwa kinagonga. Natafuta skrubu za kurekebisha, zimezibwa kwa gundi. Kondensa, ile lenzi ya chini inayokusanyia slaidi mwanga, nayo haipandi wala haishuki, imekaa chini kabisa, kwa hiyo hata lenzi ya mafuta haikuwa inapata mwanga wa kutosha. Na kilele cha yote, ile springi ya kuirudisha juu lenzi ya 100 ikigusa slaidi ilikuwa imekwama, lenzi ikashuka moja kwa moja ikavunja slaidi ya damu niliyoipaka vizuri kabisa. Muuzaji akaniambia hivyo ndivyo zilivyo. Kabla ya kulipa, angalia mabomba, kondensa na springi. Kama huruhusiwi kuishika, usiinunue.

Kiini Macho
Pole mzee. Ndiyo maana mimi ni jicho moja daima.

Chungulia
Asanteni. Ni ya kufundishia, darasa la biolojia. Vijana wanataka kuona kiini, kloroplasti, utando wa seli, mitokondria na ribosomu. Nilisahau kusema, umeme unakatika mara kwa mara.

Fundi Lenzi
Sasa ndiyo unasema! Ribosomu, vile vidude vya seli vinavyounda protini, ni kama nanomita 25, waambie waisahau. Utando nao ni nanomita 7 au 8, unene wake hutauona. Ila unaweza kuuonyesha ulipo: ngozi nyembamba ya kitunguu chekundu, dondoshea maji ya chumvi, yaliyomo yananywea na kuachana na ukuta. Ule ukingo wa rangi ndipo utando ulipo.

Mbishi Daima
Umeme unakatika = kioo. Nilisema mapema. Elekeza dirishani, usielekeze jua lenyewe, utaua macho ya watoto.

Binti Maabara
Ziko LED za betri ya kuchaji. Chungulia, hiyo ya pili ina betri au inategemea waya tu? Na wanafunzi ni wangapi? Wakiwa wengi, mbili za jicho moja zinaweza kuwafaa kuliko moja ya macho mawili.

Kiini Macho
Yoyote atakayochukua, awawekee jani la elodia, ule mmea wa majini. Kloroplasti zinazunguka ndani ya seli kama foleni. Hadubini ya elektroni haikupi hilo, kule kila kitu kimeshakufa, kimekatwa vipande vya chini ya nanomita 100 na kimewekwa mahali pasipo na hewa.

Mzee wa Slaidi
Na duara la karatasi nyeusi katikati ya kondensa! Lenzi ya 10, paramesiamu wanang'aa kwenye giza.

Mbishi Daima
Leeuwenhoek, yule Mholanzi wa karne ya 17, aliwaona viumbe wa namna hiyo kwa lenzi moja aliyoitengeneza mwenyewe, na nyinyi mnabishania betri.

Fundi Lenzi
Lenzi yake bora iliyobaki inakuza kama mara 270, na lazima uibane karibu kugusa jicho. Darasa zima lipange foleni?

Mbishi Daima
Lipange. Mwingereza Robert Hooke naye 1665 aliona vyumba vya gome la mti visivyo na kitu ndani na akapewa sifa zote.

Binti Maabara
Hilo fungulia uzi wake. Chungulia, betri?

Chungulia
Nimemuuliza muuzaji, anasema ataangalia. Ila kanitumia picha ya nyingine ya nne, ya jicho moja, ina kioo na taa vyote viwili. Kwenye lenzi imeandikwa 40/0.65 lakini chini yake kuna alama ya 8 iliyolala badala ya 160. Hiyo ni nini tena?

Fundi Lenzi
Weka picha tuone.