Ushauri: likizo ya Juni Unguja, watu sita pamoja na bibi mwenye magoti mabovu. Nungwi au Paje?

Mama_Watatu
Habari za humu wadau. Shule zikifungwa Juni tunakuja Unguja kutoka Dodoma: mimi, mume wangu, mama mkwe anayesumbuliwa na magoti, na watoto wa miaka 4, 8 na 11. Tunalala usiku tano. Watoto wanachotaka ni kuogelea. Tulipie Nungwi au Paje? Na Mji Mkongwe mama ataumudu?

Mvuvi_Kigunda
Karibuni sana. Kabla hujalipia chumba, tazama mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa bamvua: maji hujaa mno na hupwa mno. Siku hizo hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Ukifika mwezi 8, yaani siku ya nane tangu kuandama, saa zimegeuka, maji yanajaa saa nne, ila ni maji mafu: hayajai sana wala hayatoki sana.

Paje, Bwejuu, Jambiani na Matemwe, upande wa mashariki, pwani yake ni bapa mpaka mwambani. Bamvua likipwa, unabaki mchanga, mwani na vidimbwi. Watu hulipia kwa picha zilizopigwa maji yamejaa, wakifika asubuhi wanadhani wametapeliwa. Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi mnaogelea saa yoyote. Halafu Juni ni msimu wa kusi, upepo unapiga mashariki, Kendwa imekingwa. Mimi nasema Kendwa.

BintiJambiani
Kwa kusi nakubaliana nawe, kaka. Lakini kwa huyo wa miaka 4, Paje si pabaya: maji yakianza kujaa humfika magotini kwa muda mrefu, na mawimbi yanavunjikia mwambani. Kendwa kina kiko karibu, hapo mtu mzima asimwachie mkono. Mkija huku, kila mtoto avae yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, kwa sababu ya wale wadudu wa baharini weusi wenye miiba mirefu wanaokaa kwenye mawe na majani. Na wasikanyage kamba na vijiti vya mwani. Yale ni mashamba ya kina mama, mwani ukikatika unakwenda na maji.

Mkaazi_Shangani
Kuhusu bibi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizogeuzwa hoteli hazina lifti, na ngazi zake ni za mwinuko mkali, vidato virefu. Usiulize tu kama wana chumba, uliza kama wana chumba cha chini, na gari linafika umbali gani kutoka mlangoni, maana vichochoro vingi havipitishi gari. Mabegi yatakwenda kwa mkokoteni. Forodhani, bustani ya pwani hapo Mji Mkongwe, jioni ataipenda: ni tambarare na kuna pa kukaa. Ulizeni bei kabla chakula hakijawekwa motoni, na pweza au ngisi aliyekwisha kuchomwa akalala mezani muda mrefu muacheni. Urojo kwa watoto, waambie wapunguze pilipili.

Boti kutoka Dar ni kama saa mbili. Kaeni ghorofa ya chini, katikati kuelekea nyuma, huko haichezi sana. Dawa ya kichefuchefu inywewe nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka, bahari ikishachafuka haisaidii. Kipimo cha mtoto mwambieni mfamasia uzito wake. Kwa kusi, safari ya kurudi Dar ndiyo inayotikisa zaidi.

Gari: Noah ya viti saba ikijaa watu haina pa kuweka mabegi. Chukueni Hiace.

Mama_Watatu
Asanteni sana. Kalenda ya ukutani inaonyesha tutaingia mwezi mwandamo ukiwa 13 na kuondoka ukiwa 18. Tunaelekea Kendwa. Kisiwa cha Changuu na Nakupenda tuweke siku gani?

Mvuvi_Kigunda
Basi mmeangukia bamvua. Laleni Mji Mkongwe usiku wa kwanza. Mwezi 14 maji yatapwa saa tatu na kitu asubuhi, kwa hiyo saa mbili muwe mmeshaondoka Forodhani. Anzeni na Nakupenda, maana ni fungu la mchanga na maji yakijaa linafunikwa, kisha Changuu kwa kobe. Kabla ya saa saba muwe mmerudi, upepo wa kusi huzidi mchana. Kwa bibi, jueni kwamba mara nyingi mtu hupanda na kushuka boti akiwa ndani ya maji. Kama hawezi kunyanyua mguu hadi ukingoni, abaki Forodhani na mtu mmoja.

Kendwa, saa za jioni maji yatakuwa yamejaa na ufukwe utakuwa mwembamba. Kwenda Nungwi kwa miguu pwani kwa pwani iwe asubuhi maji yakipwa, na mgeuze mapema, la sivyo yatawazibia njia kwenye mawe.

Na nahodha asipokuwa na jaketi okozi za saizi ya watoto, msipande. Tafuteni boti nyingine, pale Forodhani hazikosekani.